Mtoto Aliyeuliza Habari za Biafra

Somo: Habakuki 1:1–4

Mwezi huu twataka kuwaza pamoja habari za mtu ambaye vijana wetu walijua jina lake kuliko majina ya manabii wadogo, yaani Steve Jobs wa Marekani. Wengi humtaja kwa ajili ya mali yake na akili zake. Sisi twamtaja kwa sababu alikuwa mtoto wa usharika wa Kilutheri, akatoka, asirudi tena.

Alizaliwa San Francisco mwaka 1955. Waliomzaa walimtoa angali mchanga, akalelewa na Paul Jobs na Clara mkewe, wakamfanya kuwa mwana wao. Paul alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa mikono. Walipojenga ua wa nyumba yao alimfundisha mtoto ya kuwa mbao za upande wa nyuma, zisizoonekana na mtu, zapasa kutengenezwa vizuri sawasawa na zile za mbele. Neno hilo lilimkaa moyoni hata uzee wa baba yake. Alipokuwa mkubwa alitaka hata sehemu za ndani ya kompyuta, ambazo mnunuzi hazitazami kamwe, zipangwe kwa uzuri. Mwaka 1976 alianzisha kampuni ya Apple pamoja na Steve Wozniak. Mwaka 1985 akashindwa katika ugomvi wa uongozi, akaondoka. Mwaka 1997 akarudi, kampuni ikiwa karibu kufilisika. Mwaka 2007 akawaonyesha watu simu ile ya kugusa kioo, ambayo mifano yake sasa imo hata mikononi mwa vijana wachungao ng'ombe. Akafariki tarehe 5 Oktoba 2011, mwenye umri wa miaka 56. Hayo yamesimuliwa mara nyingi, nasi hatutayakawilia.

Jambo tunalotaka kulishika latoka katika utoto wake. Wazazi wale hawakuwa watu wa bidii nyingi katika dini, walakini walitaka mtoto wao alelewe kanisani, wakawa wakimpeleka karibu kila Jumapili. Mwezi wa Julai 1968 gazeti la Life lilitoa juu ya jalada lake picha ya watoto wa Biafra waliokondeshwa na njaa. Kijana alikuwa na miaka 13. Akalichukua gazeti, akaenda nalo kwenye mafundisho ya Jumapili, akamkabili mchungaji. Kwanza alimwuliza kama Mungu ajua ni kidole gani atakachokiinua, kabla hajakiinua. Mchungaji akajibu ya kuwa Mungu ajua yote. Ndipo alipoitoa ile picha, akauliza kama Mungu ajua na habari za hawa, na yatakayowapata. Mchungaji akamwambia kwamba yeye hawezi kulifahamu neno hili, lakini naam, Mungu ajua. Kijana akasema hataki kumwabudu Mungu wa namna hiyo, akaenda zake. Jobs mwenyewe ndiye aliyemsimulia hayo Walter Isaacson, aliyeandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2011.

Je, mchungaji yule alisema uongo? Hasha. Alisema kweli tupu, na sisi tulio katika kazi iyo hiyo tusiharakishe kumhukumu, maana tumeisikia habari kwa upande mmoja tu, tena miaka mingi baadaye. Wala kijana hakuwa mwanakondoo mpole. Swali la kidole lilikuwa mtego, na kila mwalimu wa kipaimara awajua watoto wenye mitego. Lakini swali la pili halikuwa mtego. Kijana aliuliza habari za huruma ya Mungu, akajibiwa habari za ujuzi wa Mungu. Jibu lilikuwa la kweli kwa swali lingine.

Tazameni jinsi Maandiko yanavyowatendea waulizao. Habakuki alimlilia Mungu, akauliza ni hata lini atalia pasipo kusikiwa, na kwa nini aonyeshwe udhalimu. Mungu hakumfukuza hekaluni. Alimjibu, na jibu lenyewe lilimtisha nabii kuliko swali, hata akauliza tena. Na maulizo hayo yote yamewekwa katika Biblia ili tuyasome kanisani. Rafiki za Ayubu walinena mengi yaliyofanana na mahubiri mazuri, na mwisho Mungu akawakasirikia wao, akasema ya kuwa Ayubu mlalamikaji ndiye aliyenena yaliyo sawa. Bwana wetu naye, alipoletewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, alikumbusha na wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Hakueleza kwa nini walikufa. Alikataa tu kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, akawaita walio hai watubu. Na penye kaburi la Lazaro alijua vema atakalolitenda, hata hivyo alilia machozi kwanza.

Baba yetu Martin Luther aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, baada ya kuzizungukia sharika za Saksonia na kuuona ujinga wa watu. Katika kitabu kile neno linalorudi kila mara ni swali: maana yake nini? Yule mtoto wa California aliuliza swali la jamii hiyo, ila lake halikuandikiwa jibu kitabuni. Luther mwenyewe alizijua saa za namna hii. Mwaka 1542 binti yake Magdalena alikufa, naye alikuwa na miaka 13. Mwalimu mkuu wa imani alimwandikia rafiki yake kwamba yapasa wamshukuru Mungu kwa kuwa mtoto amelala salama, lakini yeye na mkewe hawawezi kushukuru pasipo kulia. Hakuona haya kuliandika neno hilo.

Na liko jambo jingine linalotuuma zaidi. Vita vya Biafra, huko Nigeria, vilianza mwaka 1967, vikaisha Januari 1970. Njia za chakula zilifungwa, na watu waliokufa, wengi wao kwa njaa, wahesabiwa kwa mamia ya maelfu, wengine husema zaidi ya milioni. (Wazee wetu wakumbuka ya kuwa Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, mwezi wa Aprili 1968.) Katika mwaka uo huo wa 1968, makanisa yalikuwa yakipeleka chakula kwa ndege. Makanisa ya Kilutheri ya Skandinavia yalikuwamo katika kazi hiyo, pamoja na Wakatoliki na wengineo. Ndege ziliondoka kisiwa cha São Tomé, zikatua usiku, taa zikiwa zimezimwa mpaka dakika za mwisho, katika barabara ya Uli iliyopanuliwa kuwa kiwanja. Safari zilipita 5,000. Wako marubani waliokufa katika kazi hiyo.

Katika habari aliyoisimulia Jobs hamna neno la ndege hizo. Watoto wale wa jaladani walikuwa wakiletewa maziwa ya unga na samaki wakavu na watu wa kanisa lile lile alilolikimbia. Paul fundi alimfundisha mtoto kwa kumshikisha mbao na nyundo, na neno likadumu miaka 40 na zaidi. Tungalipenda mtoto huyo angalishikishwa na gunia moja la chakula cha Biafra.

Baadaye alikwenda India mwaka 1974, akajifunza Ubudha wa Kijapani, akafunga ndoa kwa desturi zake. Karibu na kufa kwake, saratani ikiwa imemdhoofisha, alimwambia Isaacson kwamba katika habari ya Mungu yeye ni nusu kwa nusu. Alisema pia ya kuwa Ukristo hupoteza utamu wake usimamapo juu ya mafundisho kuliko kuishi kama Yesu alivyoishi. Sisi hatuwezi kukubali hivyo, maana pasipo mafundisho hatungemjua huyo Yesu ni nani. Lakini aliyesema hivyo alikuwa amepewa fundisho bila machozi wala mkate, nasi twajua ni nani aliyempa.

Siku hizi picha za njaa na vita hazingoji gazeti. Humfikia mtoto usiku, kitandani, kwa simu aliyoibuni mtu huyu, na mwalimu hayupo. Basi, ndugu mwalimu, Jumamosi mtoto akiinua mkono katika darasa la kipaimara na kuuliza kama Mungu awaona wale aliowaona jana, funga kitabu kidogo. Mwulize aliona nini, na ni wapi. Msomeni Habakuki pamoja, mlango wa kwanza, bila kuruka kitu. Waombeeni watu wale kwa jina la nchi yao, kisha mpeni mtoto huyo kazi ya kukusanya sadaka yao Jumapili, aihesabu kwa mikono yake. Na akiondoka kwa hasira kabla ninyi hamjamaliza, njia ya kwenda kwao waijua.