Kujikaza na Kujilegeza



Katika miaka yangu ya kufundisha, neno "jikaze" nimelisema labda kuliko neno jingine lolote. Ndilo nililompelekea binti yangu hospitalini, siku ya pili baada ya kujifungua kwa kupasuliwa. Naye alitii: akauma meno, akashika ukingo wa kitanda. Kila alipokohoa alitokwa na machozi.

Muuguzi mmoja, mdogo wa kuweza kuwa mwanafunzi wangu, alimwambia kinyume. "Legeza mabega, mama. Na taya pia." Akampa mto aukumbatie juu ya kidonda kila atakapo kukohoa au kuinuka. Akamfundisha kuvuta pumzi polepole kwa pua mpaka tumbo liinuke kidogo, kisha kuitoa kwa mdomo, taratibu zaidi kuliko alivyoivuta. Halafu kuulegeza mwili sehemu kwa sehemu, kuanzia vidole vya miguu. Alieleza kwamba woga hukaza misuli, na misuli iliyokazana huzidisha maumivu. Vidonge aliendelea kuvimeza kwa saa zake, maana pumzi haichukui nafasi ya dawa. (Na homa, usaha au damu nyingi ni mambo ya kumwona daktari mara moja.)

Nakiri kwamba nilichukizwa. Kwetu mlegevu ni mtu wa kusemwa. Tena wako Wakristo wanaonong'ona kuwa aliyepasuliwa hakuzaa, na kwamba uchungu uliotajwa katika Mwanzo sura ya 3 haufai kukwepwa. Hoja hiyo ni ya zamani. Daktari James Young Simpson wa Edinburgh, aliyeanza kuwapa wazazi klorofomu mwaka 1847, aliwajibu wapinzani kwa sura ya 2: Mungu alimtia Adamu usingizi mzito kabla ya kutwaa ubavu wake. Mwaka 1853 Malkia Victoria, mkuu wa Kanisa la Uingereza, aliivuta alipomzaa Leopold.

Lakini si Malkia aliyenigeuza. Binti yangu aliniambia baadaye kuwa siku ile alikuwa akinivumilia mimi. Maumivu yalikuwa mazito, ila mzigo mzito zaidi ulikuwa kuyaficha mbele yangu, hata kumshika mtoto anyonye akaona shida. Nilikuwa nimeuita huo ujasiri.

Tulipokwenda kanisani kutoa shukrani, mama mmoja alimpigapiga begani akisema, "Jikaze, mwanangu." Binti yangu alinitazama, akashusha pumzi ndefu, akamjibu, "Asante, mama."