Ahadi Inapoanza Kugharimu

Wengi wetu tunaifahamu Google kwa mambo ya kawaida kabisa. Tunatafuta humo njia ya kwenda mazishini kaunti nyingine, tunatafuta dawa ya kifua cha mtoto, na wahubiri wetu hutafuta humo mfano wa kuanzia mahubiri ya Jumapili (mara nyingine tunautambua mfano huo, maana nasi tumekwisha kuusoma). Ni vigumu kuihusisha kampuni hiyo na vita. Hata hivyo, swali tunalotaka kulitafakari hapa linaihusu, nalo ni swali la zamani kuliko kompyuta. Je, aliyeahidi hadharani kutotenda ubaya fulani anaweza kuifuta ahadi yake kwa sababu nyakati zimebadilika?

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 2017 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mradi ulioitwa Maven. Ndege zisizo na rubani zilikuwa zikirekodi video nyingi mno, macho ya wanadamu hayakutosha kuzitazama zote. Jeshi likataka akili mnemba iifanye kazi hiyo ya kutazama na kutambua: hili ni gari, hili ni jengo, huyu ni mtu. Google ilikuwa miongoni mwa waliosaidia. Jambo hilo lilipojulikana mwaka 2018, wafanyakazi wake zaidi ya 3,000 walitia saini barua kwa mkuu wao, Sundar Pichai, wakipinga kampuni yao kujiingiza katika shughuli za vita. Baadhi waliacha kazi kabisa. Mwezi wa Juni kampuni ikasema mkataba ule ukiisha hautaongezwa, na tarehe 7 mwezi huo Pichai akachapisha kanuni za kampuni kuhusu akili mnemba. Miongoni mwa mengine, waliahidi kwamba hawataitengeneza kwa ajili ya silaha, wala kwa ajili ya upelelezi unaokiuka kanuni zinazokubalika kimataifa. Hawakusema watajitenga na jeshi moja kwa moja. Walisema wataendelea kushirikiana nalo katika mambo kama ulinzi wa mitandao na uokoaji. Ilikuwa ahadi yenye mipaka, na kwa sababu hiyo iliwezekana kutimizwa.

Februari 4, 2025, maneno hayo yaliondolewa. Viongozi wawili wa kampuni, Demis Hassabis na James Manyika, walieleza kwamba dunia iko katika mashindano ya kuongoza katika akili mnemba, na kwamba nchi za kidemokrasia ndizo zinazopaswa kuwa mbele. Hawakuwa wa kwanza. OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa wameondoa katazo la matumizi ya kijeshi na kivita katika masharti yao Januari 2024. Novemba mwaka huohuo Meta, wenye Facebook na WhatsApp, waliruhusu akili mnemba yao itumiwe na vyombo vya usalama vya Marekani.

Tusikimbilie kuwahukumu. Sisi tunaoishi Kenya hatuwezi kuzungumza kana kwamba ulinzi ni jambo la watu wengine. Hatujasahau Garissa, Aprili 2015, watu 148 waliouawa chuoni, wengi wao watoto wa watu kama sisi. Tunawaombea wanajeshi wetu, na wapo wanaokaa nasi katika viti hivi wakiwa likizoni. Anayesema kwamba adui atazitengeneza silaha hizi hata sisi tukiacha, hasemi uongo. Wapo pia wanaosema kwamba silaha yenye macho makali itawaepusha wasio na hatia. Tungependa iwe hivyo.

Tena si kila ahadi inastahili kutimizwa. Yeftha aliapa kwa haraka, na binti yake ndiye aliyetoka nyumbani kumlaki. Herode aliapa karamuni mbele ya wageni, akaona haya kurudi nyuma, na kichwa cha Yohana kikaletwa katika sinia. Laiti wangevivunja viapo vyao! Lakini tuangalie viapo hivyo vilidai nini. Vyote viwili vilidai damu, na kuvivunja kungeokoa uhai. Ahadi ya mwaka 2018 ilikuwa kinyume chake. Iliuzuia mkono, na kuivunja ni kuuachilia. Kwa hiyo anayetaka kuivunja hawezi kujificha nyuma ya Yeftha.

Zaburi ya 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na katika jibu lake yumo mtu aliyeapa, akaona kiapo kinamtia hasara, naye asikigeuze. Tunalijua jambo hili kutokana na bahasha zetu za ujenzi. Kujaza fomu ya ahadi mwezi wa kwanza, kwaya ikiimba, si kazi. Mwezi wa tisa, mvua ikiwa imegoma na karo haijaisha, ndipo fomu ile inapomuuliza mtu alikuwa akisema nini. Mwaka 2018 ahadi ya Google haikuigharimu kampuni mengi. Kufikia mwaka 2025 kila mpinzani wake alikuwa akikimbilia mlango uleule, na kubaki nje kungekuwa hasara ya kweli. Hapo ndipo ahadi ilipoanza kuwa ahadi, na hapo ndipo ilipofutwa. Wale waliojiuzulu mwaka 2018 walilipa mapema, kwa mishahara yao.

Kuna sheria katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, ambayo husomwa kanisani kwa nadra. Mtu amekutwa kondeni ameuawa, na muuaji hajulikani. Sisi tungefunga jalada. Sheria ile inawatoa wazee na waamuzi, wapime umbali kutoka kwenye maiti hadi miji iliyo kandokando, na mji ulio karibu zaidi ndio utakaosimama. Wazee wake wanamleta mtamba bondeni, anavunjwa shingo, wananawa mikono juu yake na kutamka mbele za Mungu kwamba damu ile hawakuimwaga wala hawakuona ikimwagwa. Yaani hata damu isiyojulikana mwenye kuimwaga lazima ipate watu wa kusimama mbele yake.

Tuichukue kamba hiyo ya kupimia hadi kwenye vita vya leo. Mtu amekufa kwa kombora. Aliyelirusha yuko mbali, naye anasema mashine ndiyo iliyomwonyesha shabaha. Mwandishi wa programu anasema yeye aliifundisha kutambua magari tu. Kampuni inasema iliuza huduma, mtumiaji ni serikali. Serikali inasema mfumo ulikosea. Wote wamenawa mikono, na hakuna aliyepima. Juni 2024 Papa Francis aliwaambia viongozi wa G7 kwamba mashine isipewe kamwe uamuzi wa kuutoa uhai wa mwanadamu, na hata sisi tusio Wakatoliki tuliona ameigusa nukta yenyewe. Mashine haiwezi kuletwa bondeni. Haina mikono ya kunawa.

Kwa mtazamo wetu, huo ndio uzito wa ahadi iliyofutwa. Ilikuwa ni kampuni kukiri kwamba mji wake uko karibu. Kuifuta hakukuusogeza mji mbali na maiti. Kumewarudisha ndani wazee waliokuwa wameanza kutoka.

Kamba ikinyooshwa zaidi inafika Nairobi. Mashine haijui gari ni nini mpaka mtu aionyeshe picha kwa maelfu, kila gari likiwa limezungushiwa alama. Kazi za namna hiyo zimefanywa kwa miaka kadhaa na vijana wa hapa kwa ajili ya kampuni za ng'ambo, na ujira wake si mkubwa. Mwaka 2023 ilifichuliwa kwamba Wakenya waliosaidia kuichujia ChatGPT maneno machafu walilipwa chini ya dola 2 kwa saa.

Katika mkutano wa vijana, kijana mmoja wa kanisa letu aliuliza kama ni dhambi kuwekea alama picha ambazo hujui zinakwenda wapi. Wazee walitazamana. Hatukumwambia aache, kwa maana tunajua ni nani anayemlipia dada yake karo. Tulimwambia amuulize msimamizi wake, kwa maandishi, kazi hiyo ni ya nani na ni ya nini. Aliandika barua pepe, nasi tuliisoma kabla hajaituma, ilikuwa ya adabu. Jibu halijaja. Jumapili iliyopita alitueleza kwamba picha za juma hili ni za barabara na paa za nyumba, mahali penye mchanga mwingi, zilizopigwa kutoka juu.