Uji kwa Mkono Tusioujua

Mfano wa Msamaria Mwema unatupa msaada mmoja ambao mara nyingi hatuutambui: tangu mwanzo tunajua nani ni nani. Aliyelala njiani amenyang'anywa na kupigwa, na wanyang'anyi wamekwenda zao. Kuhani na Mlawi wanapita pembeni, Msamaria anasimama, nasi tunajua la kujifunza kabla mhubiri hajafunga Biblia. Lakini ingekuwaje kama aliyelala pale alikuwa mmoja wa wanyang'anyi wenyewe, ameumizwa wakati wa kukimbia? Na ingekuwaje kama Msamaria hakuwa na njia yoyote ya kujua?

Kwetu sisi tunaoishi Karagwe na Kyerwa swali hili halikutungwa darasani. Lilivuka mto likaja mpaka mlangoni. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa kama siku moja tu, watu wapatao 250,000 waliingia Ngara kwa daraja la Rusumo wakitokea Rwanda. Huku kwetu, wakati huo tukiwa bado wilaya moja ya Karagwe, kwa maana Kyerwa ilizaliwa mwaka 2012, watu walivuka Kagera kwa makundi, na kambi zikafunguliwa Chabalisa, Kagenyi, Omukariro na Rubwera. Mto huohuo ulikuwa ukishusha miili ya waliouawa mpaka Ziwa Victoria. Kule Kasensero, upande wa Uganda, iliopolewa na kuzikwa kwa maelfu.

Pale Rusumo, mapanga waliyonyang'anywa waliovuka yalirundikwa kama kuni. Aliyeona rundo lile alikuwa na haki ya kuogopa. Hata hivyo sisi watu wa migomba tunajua kwamba panga liko katika kila nyumba. Ndilo tunalokatia ndizi asubuhi na kusafishia shamba mchana. Mtu anayekimbia nyumba yake huchukua sufuria, mkeka na panga. Panga peke yake halikusema lolote juu ya aliyelibeba, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Katika foleni ya uji alisimama mama aliyebeba mtoto mwenye homa, na nyuma yake kijana ambaye mikono yake pengine ilikuwa safi, pengine ilikuwa imefanya jambo ambalo halitamkiki. Mwenye upawa aliviona vikombe viwili tu, vyote vitupu.

Kuna jibu la haraka ambalo tumelisikia mara nyingi katika vikao vya sharika: wengi wao hawakuwa na hatia, basi tugawe kwa wote. Ni kweli kwamba wengi hawakuwa na hatia. Watoto wa kunyonya hawakumwua mtu. Lakini jibu hili linakwepa swali, kwa sababu mwenye upawa hagawi kwa "wengi". Anagawa kwa huyu, halafu kwa huyu. Tukisema tunampa kwa sababu huenda ni mwema, tumekwisha kukiri kwamba tungejua ni mbaya tungemnyima. Basi wema wetu ungekuwa umesimama juu ya kutojua, na huo si msingi wa kujengea huduma ya kanisa.

Wapo pia waliosema tusigawe kabisa, na si wote waliosema hivyo waliokuwa na moyo mgumu. Katika kambi ya Benaco, Juni 1994, wafanyakazi wa mashirika ya misaada walitaka Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa kiongozi wa Murambi nchini Rwanda, aondolewe kambini kwa sababu ya mambo aliyotuhumiwa kuyafanya. Umati wa wafuasi wake ukakusanyika ukiwatisha wafanyakazi hao. Watu waliokuja kuokoa maisha wakaona kwamba mahindi na maharage yao yanalisha utawala uleule uliosimamia mauaji, kwa kuwa mwanzoni chakula kilipita mikononi mwa viongozi wa zamani, nao wakaongeza hesabu za watu wao na kujinenepesha. Madaktari wa MSF wakagawanyika juu ya jambo hili: tawi la Ufaransa likaamua kuondoka, matawi mengine yakabaki kwa muda. Hatuoni kwamba waliondoka kwa kukosa huruma. Waliona kitu cha kweli, kwamba anayesema "mimi nagawa tu, mengine hayanihusu" anaweza kuwa anamtilia mafuta taa asiyoijua.

Maandiko yanasema nini hapa? Tunazoea kukimbilia Mathayo 25, mahali Bwana anapojihesabu pamoja na mwenye njaa na mgeni. Sisi tunadhani kwa jambo hili tunahitaji pia kurasa zisizosomwa sana Jumapili. Katika Mwanzo 4, Kaini amekwisha kumwua nduguye, na Mungu hamfichi wala hajifanyi hajui. Anamwuliza, anamhukumu, anamfukuza. Kisha anamtia alama ili atakayemkuta asimwue. Hukumu na ulinzi vimemfika mtu yuleyule siku ileile, na hakuna kilichofuta kingine.

Halafu iko miji ya makimbilio katika Hesabu 35, miji sita, ambayo iliwekwa kwa ajili ya Mwisraeli na pia kwa mgeni akaaye kati yao. Torati inaagiza hata njia ziandaliwe, ili anayekimbia asichelewe. Tukisoma Yoshua 20 tunaona utaratibu ulivyokuwa: mtu anafika langoni, anaeleza habari yake masikioni mwa wazee, wanampokea na kumpa mahali pa kukaa, na baada ya hapo anasimama mbele ya mkutano ahukumiwe. Anapewa mahali kwanza, kesi inafuata. Ikionekana aliua kwa kukusudia, mji haumfichi. Kwa hiyo kimbilio halikuwa njia ya kuikwepa haki. Lilikuwa njia ya kuzuia kisasi kisiitangulie. Aliyempikia mkimbizi chakula cha jioni ndani ya mji ule hakuwa ametangaza kwamba hana hatia. Alikuwa amehakikisha kwamba kesho atakuwepo mtu wa kuhukumiwa au wa kuachiliwa.

Sheria za dunia, kwa namna yake, zimefika jirani na hapo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1964, unawanyima hifadhi waliotenda makosa makubwa dhidi ya ubinadamu, lakini kazi ya kuamua ni nani hao haikupewa mpishi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Rwanda iliundwa Novemba 1994 na kukaa kwetu, Arusha, mpaka mwisho wa 2015. Miongoni mwa waliotiwa hatiani walikuwamo watu wa madhabahuni: Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Waadventista, na Padri Athanase Seromba wa Nyange. Hilo kanisa lolote lisilisahau linapojihesabu kuwa mjuzi wa kutambua watu kwa nyuso. Gatete naye alikamatwa mwaka 2002 nchini Kongo-Brazzaville, na rufaa yake ilipomalizika mwaka 2012 akabaki na kifungo cha miaka 40. Haki ilichelewa sana. Hata hivyo ilifanyika mahali pake, kwa mashahidi na mawakili, na isingeweza kufanyika kwenye foleni ya uji.

Basi tunasema hivi: kumlisha mtu si kumwondolea hatia, na kumnyima si kumhukumu. Anayejitolea anaijua njaa, anaijua homa, anakijua kikombe kitupu. Hatia haijui, na hakuagizwa aijue. Lililo lake ni swali moja ambalo wale waliogombana Benaco walilijua vizuri: uji huu unapita mkono wa nani kabla haujafika kinywani? Tukimpa mama mkononi mwake, tumemlisha mtoto. Tukimkabidhi mkubwa wa kundi gunia zima atugawie, tumemvika taji. Ni kazi ya kuchosha, kukaa juani na daftari ukiita jina moja moja, lakini humo ndimo huruma hupata akili.

Lipo jambo ambalo hoja hii haiwezi kulibeba, nasi hatutaki kulificha. Wakati kambi zile zinafunguliwa, huku kwetu walikuwapo Wanyarwanda wa zamani, waliokimbia tangu mwaka 1959 na miaka iliyofuata. Walikuwa wamepanda migomba yao, wamebatiza watoto, wameimba kwaya pamoja nasi. Wengi wao walikuwa wamebakiza ndugu ng'ambo ya mto, na mwaka 1994 ndugu hao waliuawa. Kisha makanisani yakatangazwa matangazo ya kuchangia wakimbizi: ndizi, maharage, nguo kuukuu. Mtu wa namna hiyo, ambaye huenda aliyemwua dada yake yuko Chabalisa anapokea sahani, tumwambie nini? Wako watakaomsomea habari ya kuwapenda adui. Sisi tunaona kwamba neno lile ni la Bwana kumwambia, si la mwenye zamu ya kugawa. Kanisa zima limeagizwa kulisha, lakini kila kiungo hakikuagizwa kushika upawa. Mwingine kazi yake siku ile ni kuomboleza, na sisi kazi yetu ni kukaa naye na kumletea yeye uji nyumbani kwake. Atakayeomba mwenyewe kwenda kambini, tutakwenda naye. Hatutamhesabia kama deni.

Wakimbizi wale waliambiwa Desemba 1996 kwamba ifikapo mwisho wa mwezi wawe wamerudi kwao, na wakarudishwa, waliotaka na wasiotaka. Swali likabaki, likabadili nguo. Mwaka 2013 ulitolewa muda wa kuondoka kwa wanaoishi nchini bila kibali, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Maelfu wakarudi Rwanda, miongoni mwao watu waliokuwa wameishi Kagera miongo mingi, wengine wakiwa na wake au waume Watanzania. Safari hii hakuna aliyeuliza kama mtu ameua. Swali lilikuwa kama ni wetu.

Na ndilo tunaloulizwa mpaka leo kwenye benchi lililo nje ya ofisi ya usharika, siku ya gulio. Anakuja Mrundi aliyefanya kazi shambani msimu mzima asilipwe, ambaye anaogopa kushtaki kwa sababu hana karatasi. Anakuja mzee aliyefika akiwa mtoto mgongoni, ambaye hajui aandike nini mahali palipoandikwa uraia. Wanaokaa kwenye benchi lile ni akina mama wawili, mwalimu mstaafu na kijana anayejua Kirundi. Wanatoa chai, wanasikiliza, wanamsindikiza mtu uhamiaji ili asiende peke yake. Wanamweleza mapema kwamba kanisa halitoi hifadhi wala uraia, asije akapoteza miezi akitusubiri sisi.

Kishawishi kikubwa pale ni barua. Mtu anaomba: niandikieni kwamba nimezaliwa hapa. Moyo unataka kuandika, hasa ukimwona anatetemeka. Wakati mwingine anatoka jirani wa mtu huyo, naye anataka iandikwe kinyume, kwamba hafahamiki, maana shamba lake limepakana na lake. Wote wawili wanatuomba kiti cha hakimu. Utaratibu tuliokubaliana ni kwamba haliandikwi lolote ambalo aliyeandika hakuliona. Hivyo barua huwa fupi: kwamba tunamfahamu tangu mwaka fulani, kwamba watoto wake watatu wamebatizwa hapa na namba zao ziko kitabuni, kwamba alichimba msingi wa nyumba ya mwinjilisti. Kuna ofisa aliyewahi kuisoma barua ya namna hiyo akauliza mbona haisemi mtu huyu ni raia au si raia. Mwalimu mstaafu alimjibu kwamba hilo ndilo waliloleta kwake aliamue. Kisha akaomba kiti kwa ajili ya mzee, kwa kuwa alikuwa amesimama tangu asubuhi.