Gereza nalo liwe madrasa



Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walikuwa na mateka mikononi mwao. Wenye mali walijikomboa kwa mali. Wapo ambao hawakuwa na kitu. Amepokea Imam Ahmad kutoka kwa Ibn Abbas kuwa Mtume (s.a.w.) aliifanya fidia yao iwe ni kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Tuzingatie: walimu hao walikuwa mushrikina, maadui wa jana, tena mateka. Lakini elimu yao ilihesabiwa sawa na fedha.

Nabii Yusuf (a.s.) naye, alipofungwa kwa dhulma, hakungoja atoke ndipo afundishe. Wafungwa wenzake walimuuliza juu ya ndoto zao, akaanza na tauhidi kabla ya kuwapa tafsiri.

Je, kijana wetu anapoingia gerezani leo, anafundishwa na nani? Asiyejua kusoma huweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Hawezi kusoma hukumu yake wala kuandika rufaa yake. Akikosa mwalimu mwema, mwalimu wake ni jambazi anayelala pembeni yake. Aliingia mwizi wa kuku, atatoka mvunja maduka.

Kule Marekani, Malcolm X alifungwa mwaka 1946 kwa wizi. Gerezani alinakili kamusi kwa mkono, akasoma usiku na mchana, na alipotoka mwaka 1952 hakurudia wizi. Mwaka 2013 taasisi ya RAND ya huko huko ilijumlisha tafiti nyingi, ikakuta uwezekano wa kurudia uhalifu uko chini kwa asilimia 43 kwa wafungwa waliosoma.

Atasema mtu: mbona mafisadi wakubwa ni wasomi? Ni kweli. Kalamu bila taqwa ni kisu. Ndiyo maana wahyi wa kwanza uliamrisha kusoma, na kusoma kwenyewe kuwe kwa jina la Mola.

Kila Ramadhani tunapeleka tende na sabuni magerezani. Ni kheri. Lakini tende huisha siku ile ile. Tuwaombe wakuu wa magereza idhini, tupeleke daftari, kalamu na mwalimu wa kila wiki. Misikiti yetu nayo ifungue kisomo cha watu wazima baada ya Isha, mtu asingoje kufungwa ndipo ajue kusoma. Na aliyemaliza kifungo akija kusimama safu moja nasi, tusimsogelee mbali. Huenda toba yake imekubaliwa, na yetu bado.

Wabillahi tawfiq.