Jani Linaloamuru Mizizi

Tuiname pamoja, msomaji, kwenye malisho ya nyanda za juu za Kenya, pale klova nyeupe ya asili inapotambaa kati ya nyasi za kikuyu. Tung'oe mche mmoja taratibu, tuisuuze mizizi yake. Hivi hapa vifundo, vidogo kuliko punje ya mchele. Kipasue kimoja kwa ukucha: ndani kina wekundu wa waridi, kwani kimebeba protini ya ukoo mmoja na ile inayoipa damu yetu rangi yake.

Humo wanaishi bakteria. Zaidi ya robo tatu ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, nao mmea, ingawa umezungukwa na utajiri huo, hauwezi kujichotea hata chembe. Bakteria huinasa na kuugawia. Wenyewe hulishwa sukari iliyopikwa na majani juani. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Lakini si kila mgeni hufunguliwa mlango. Klova hii ya milima yetu ina bakteria wake inaopatana nao, na ilipopandwa Australia, kwa jina la Safari, ilibidi itafutiwe wa aina hiyo hiyo.

Ni nani basi aamuaye idadi ya vifundo? Ungedhani ni mizizi, maana ndiyo inayovibeba. Miaka ya 1980, watafiti wa Canberra walichukua soya, jamaa ya klova katika ukoo wa kunde, yenye kasoro ya urithi iliyoifanya iote vifundo kupita kiasi. Wakabebesha, kama wafanyavyo wakulima wa maembe: kichwa cha soya ya kawaida juu ya mizizi ya ile yenye kasoro, na kinyume chake. Mizizi iliyokuwa haina kiasi ikatulia chini ya kichwa chenye kiasi. Nayo mizizi mizima, ilipotwishwa kichwa chenye kasoro, ikafurika vifundo.

Basi amri hutoka juu, kwenye jani lisilogusa udongo kamwe. Mizizi hupeleka habari, jani hupima, kisha hurudisha neno: yatosha. Shibe mwana malevya, na kila kifundo hula sukari. Mmea usio na breki hiyo hudumaa kwa kuwalisha wageni wengi mno. Hata mbolea ya naitrojeni ikimwagwa kwa wingi shambani, klova hupunguza vifundo vyake, wala haiendelei kugharimia kile ambacho udongo tayari unaipa bure.