Raha ya Mgeni na Jasho la Mwenyeji

Mapumziko si dhambi. Mwili usiopumzika huchakaa, na akili isiyoona mapya hudumaa. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi mwaka mzima, akaweka akiba, akaondoka kwake kwenda kula, kunywa na kutazama mchezo katika nchi ya wengine, hana la kulaumiwa. Swali gumu ni jingine: je, akiisha kulipa gharama za vitu hivyo, amemaliza deni lake?

Safari ya Dodoma hadi Singida yaweza kulipima swali hili. Mgeni huanza katika mashamba ya mizabibu ya Dodoma, ambako matunda huvunwa mara mbili kwa mwaka katika nchi kame yenye msimu mmoja tu wa mvua. Huonja mvinyo au, kama dini yake haimruhusu, hula zabibu zenyewe. Kisha hushika njia ya magharibi kupitia Bahi na Manyoni, mpaka afike mji wa Singida wenye majabali makubwa na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singida na Kindai. Huko hula kuku wa kienyeji kwa ugali na mlenda, hununua asali na mafuta ya alizeti, na jioni huingia katika uwanja wa Liti kutazama kandanda. Siku chache za namna hii zaweza kukumbukwa kwa miaka.

Lakini kila raha katika hizo ina mtu nyuma yake. Zabibu ni tunda lisilongoja: zikiiva na mnunuzi asitokee, huoza machoni pa mkulima, naye hulazimika kuuza kwa bei yoyote. Kuku wa Singida hakui kwa majuma machache kama kuku wa kisasa. Hujitafutia riziki uani kwa miezi mingi, akiponea mwewe leo na kideri kesho. Aghalabu mwenye kuku ni mwanamke, na kuku huyo ndiye akiba yake ya daftari na dawa.

Hata mchezo una jasho lisiloonekana. Uwanja ule una jina la Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyeongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi husema kuwa nyuki walikuwa silaha yake. Mwaka 2022 mji ulipata timu iliyoitwa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikahamia Babati, na timu ya Ihefu ikaletwa Singida kutoka Mbarali, ikapewa jina la Singida Black Stars. Mgeni huona dakika 90 na kwenda zake. Mwenyeji ametakiwa kuuhamisha moyo wake kutoka timu moja hadi nyingine, na yamkini akishangilia hukumbuka kuwa furaha yake ilikuwa msiba wa shabiki wa Mbarali.

Atasema mtu: mwuzaji hahitaji fikira za mnunuzi, ahitaji fedha yake. Maneno haya yana kweli nyingi. Shukrani haijazi kibaba, na mgeni anayemsifu mwenyeji kisha akampunja ni mnafiki. Lakini bei ya haki ni mtoto wa maarifa. Ajuaye miezi iliyomo katika kuku mmoja hataki kupunguziwa kwa mzaha. Asiyejua hudai punguzo kama haki yake, na akipewa hujiona ameshinda, ilhali aliyeshindwa ni mtoto aliyekosa daftari. Fedha hulipa kitu. Haiwezi kulipa kudharauliwa kwa aliyekitoa.

Kujua huku nako kuna mpaka. Mwenyeji si onyesho, wala umaskini wake si kitoweo cha mazungumzo ya msafiri. Ana haki ya kuulizwa kwa adabu, na ana haki ya kunyamaza. Mgeni mwema hamwonei huruma ya juu juu; humhesabu kuwa mtu aliye sawa naye, anayechoka kama yeye na kutamani mapumziko kama yeye. Labda hapo ndipo deni linapodhihirika zaidi: wengi wanaotengeneza raha za wengine hawajapata siku tatu za kwao wenyewe.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo ushibe, ingawa walijua kuwa atashibishwa. Walikipima kitendo cha kuja kwa hali ya yule anayebaki. Mgeni aondokapo Singida, tumbo limejaa na sauti imekauka kwa kushangilia, kipimo cha safari yake si wingi wa alivyoonja. Ni kama nyumba alizopita zimepona kidogo kwa kupitiwa naye.