Mwenye Breki Ndiye Mwenye Deni

Meru ina Majengo yake na Embu ina Majengo yake, na katika mitaa hii miwili wengi huenda kazini, sokoni, msikitini na shuleni kwa miguu. Mtu akigongwa mahali pa namna hii, swali la kwanza la waliomzunguka huwa: "Kwani alikuwa anavukia wapi?" Baada ya hapo mtu atasema ajali haina kinga, na mambo yataishia hapo. Swali la pili, kwamba gari lilikuwa likienda mwendo gani, huachiwa askari wa trafiki. Mimi naona maswali hayo tumeyapanga kinyume. Kujihadhari ni wajibu wa wote wawili, lakini si kwa kipimo kimoja: anayeendesha chuma cha tani mbili anadaiwa zaidi ya anayetembea na patipati zake.

Tangu 2021, NTSA, mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012, imekuwa ikihesabu vifo zaidi ya 4,000 kila mwaka katika barabara za Kenya. Kundi linaloongoza ni la watembea kwa miguu, zaidi ya theluthi moja ya wafu wote. Sasa tupige hesabu ya breki. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata kama mita 14 kila sekunde. La kilomita 80 hukata mita 22. Dereva makini huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki. Kwenye lami kavu, kwa matairi mazuri, wa kilomita 50 atasimama ndani ya mita 30 hivi, na wa 80 atahitaji karibu 60. Mweke basi mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la sukumawiki kichwani, anayechomoza nyuma ya matatu iliyosimama, mita 35 mbele ya gari. Dereva wa kwanza atasimama, pengine amtukane, kisha aende zake. Wa pili, awe hodari namna gani, atamfikia akiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Na Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kufa kwa anayegongwa huongezeka zaidi ya mara nne kati ya mwendo wa 50 na wa 65. Mama ni yule yule na kosa lake ni lile lile. Kilichobadilika ni mguu wa dereva.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ililiona hilo zamani ikaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini na katika vituo vya biashara. Lakini barabara ya Meru, Chuka hadi Embu ina haraka zake. Miraa huchumwa Igembe, katika Kaunti ya Meru, hufungwa kwa majani ya migomba, na nguvu yake hupungua ndani ya siku mbili. Kwa hiyo pikapu zinazoibeba kuelekea Nairobi hukimbizana na mnyauko, na kila anayeishi kando ya njia hiyo anaujua mlio wake kabla hajaziona. Dereva akichelewa, hasara ni ya mwenye mzigo. Akikimbia, hatari ni ya mvukaji aliyeko Embu, ambaye hana hata shina moja ndani ya gari lile. Matatu nayo ina hesabu ya tajiri inayongojwa jioni. Sisemi madereva ni watu wabaya. Nasema wanasukumwa na biashara ambayo faida yake inagawanywa huku na hatari yake inatupwa kule, kwa watu ambao hawakuulizwa.

Madereva watajibu, na wana haki, kwamba wapita njia nao wana makosa. Yuko anayevuka na simu sikioni. Yuko anayerudi usiku amelewa, amevaa nguo nyeusi. Yuko mchuuzi aliyetandaza mitumba kando ya lami mpaka watu wanatembea katikati ya magari. Barabara ya Thika ilipozinduliwa Novemba 2012, madaraja ya watu yalikuwa sehemu ya mpango wake, na bado wapo wanaokimbia katikati ya safu nane za magari. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama daraja lile linavyomtaka mwenye gunia apande ngazi, atembee juu, ashuke tena, ili gari lisipunguze mwendo. Njia fupi imepewa injini, ndefu ikapewa miguu. Isitoshe, kosa la mpita njia hujiadhibu lenyewe: analilipa kwa mfupa wake. Mtoto wa miaka saba bado hawezi kukadiria kasi ya gari linalomjia, hata umfundishe nyimbo ngapi za kuvuka. Mlevi naye anastahili kufika kwake. (Mwendeshaji bodaboda nimemwacha nje makusudi, maana yeye ni dereva penye lami na mtembea kwa miguu penye faini.)

Mwaka 1997 bunge la Sweden lilipitisha sera inayokubali kwamba binadamu atakosea tu, hivyo barabara itengenezwe ili kosa la kawaida lisimtoe mtu roho. Utaambiwa Sweden ni tajiri. Lakini tuta la kupunguza mwendo ni lami na rangi tu. Utaambiwa pia matuta huvunja magari, na hapo nakubali nusu: tuta lisilopakwa rangi wala kuwekewa kibao ni mtego usiku, hasa yale ambayo wanakijiji hulundika wenyewe kwa udongo baada ya mazishi. Dawa yake ni kulitengeneza vizuri, na kulitengeneza kabla ya mazishi.

Barabara kuu ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Za kaunti, pamoja na taa za mitaani, Katiba ya 2010 imeziweka mikononi mwa kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti yake, na barua yenye saini za wazazi wa shule moja inatosha kuanza: tuta lenye rangi, kivukio karibu na soko, taa, njia ya miguu isiyogeuzwa duka. Na wewe uliyeshika usukani, kibao kiwepo kisiwepo, ukiingia mjini kikomo chako ni 50.